Magamba Chini ya Mikono Mirefu: Jinsi Rachel Hartman Alivyoisuka Siri ya Seraphina

Riwaya nyingi za vijana zinazomhusu mtu aliyejificha hutegemea mshtuko. Mwandishi humficha msomaji ukweli hadi karibu na mwisho, kisha pazia linafunguka: kumbe yule mchunga mbuzi ni mwana wa mfalme, kumbe yule binti mpole ndiye mchawi anayesakwa. Mshtuko wa namna hiyo hufanya kazi mara moja tu. Rachel Hartman, katika Seraphina, riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 2012, alishika njia nyingine. Siri anamkabidhi msomaji katika sura za mwanzo, na kinachobaki ni kazi ya kuilinda. Kazi hiyo ndiyo riwaya yenyewe.

Hadithi iko katika ufalme wa kubuni uitwao Goredd, wenye sura ya Ulaya ya zama za kati: makanisa makubwa, watakatifu wengi, mashujaa waliokuwa wakipigana na majoka yanayoruka na kutema moto. Miaka 40 kabla ya kisa kuanza, Malkia Lavonda na Comonot, mkuu wa majoka, walitia saini mkataba wa amani. Majoka wanaweza kujikunja wakawa binadamu kwa sura, na baada ya mkataba wakaruhusiwa kuishi mjini kama wanazuoni na wajumbe. Seraphina Dombegh, binti wa miaka 16, ni msaidizi wa Viridius, mtunzi wa muziki wa kasri. Mama yake alikuwa joka. Baba yake, mwanasheria, hakulijua hilo mpaka siku mkewe alipofariki akijifungua na damu iliyomtoka ikawa na rangi ya fedha. Na sasa, sherehe ya mkataba ikiwa imekaribia, Mwanamfalme Rufus ameokotwa maiti isiyo na kichwa. Mji mzima unanyooshea majoka kidole.

Ndoa hiyo haitamshangaza msomaji wa pwani. Visa vya mwanamume aliyeoa jini bila kujua, na mtoto akazaliwa si wa huku wala wa kule, tumesimuliwa tangu utotoni. Lakini katika visa vyetu jambo hilo huwa la nyumbani: mwiko gani umevunjwa, nani kamkimbia nani. Hartman amelitoa nyumbani akalipeleka kwenye sheria na siasa, kwa hiyo hofu ya binti huyu haiishii kwenye aibu ya ukoo. Siri yake ikitoka, baba yake ameharibikiwa, mjomba wake ameharibikiwa, na maadui wa mkataba wamepata kisingizio.

Tuanze na mwili, kwa kuwa mwandishi ameanzia hapo. Seraphina ana magamba: ukanda mmoja umeuzunguka mkono wa kushoto, mwingine uko kiunoni. Mwandishi mvivu angeyataja mara mbili, mwanzoni na wakati wa kufichuka. Hartman ameyapangia ratiba. Ni lazima yaoshwe na kupakwa mafuta faraghani. Gauni lazima liwe la mikono mirefu. Mwenye magamba hawezi kukumbatiwa ovyo wala kumwachia mtu mlango wazi asubuhi. Kwa hiyo ili msomaji apatwe na wasiwasi haihitajiki panga wala sumu. Mjakazi anayegonga mlango wakati wa kuoga anatosha. Kuna pia mahali ambapo Seraphina, kwa uchungu, analing'oa gamba moja kutoka mwilini mwake. Ukurasa huo ni mgumu kuusoma, na mwandishi anauacha bila kuupamba. Chuki ya mji imeingia mpaka mkononi mwa mwenye mkono.

Halafu akamfanya mwanamuziki, na huu naona ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika ujenzi wa mhusika huyu. Siri inamtaka akae pembeni. Kipaji kinamtoa mbele za watu. Katika mazishi ya Rufus anapiga filimbi kwa namna inayowatoa watu machozi, na kuanzia siku hiyo kila mtu kasrini anataka kumjua: katoka wapi, mama yake nani. Baba alishamtungia mama wa uongo, mwanamke wa ukoo bora aitwaye Amaline Ducanahan, na uongo huo sasa unadai uongo mwingine wa kuulinda. Mhusika hahitaji kusukumwa na matukio ya bahati. Kila anapofanya vizuri kazi yake, anajiweka hatarini.

Nje ya mwili kuna mfumo. Majoka walio katika sura ya binadamu hulazimika kuvaa kengele wakiwa mjini, isipokuwa wanazuoni waliopewa ruhusa. Orma, mwalimu wa Seraphina ambaye kwa siri ni mjomba wake, ni mmoja wa walioruhusiwa. Anapita mitaani kama mtu wa kawaida. Kwa kengele hiyo moja mwandishi ameeleza nusu ya siasa za Goredd bila hotuba. Utajua nani anahesabiwa mgeni, nani anaogopwa, na kwamba elimu inaweza kumnunulia mtu uhuru wa kutotambuliwa. Lakini angalia vipimo hivyo vinavyoshindwa mbele ya chotara. Kengele ni ya majoka, na yeye si joka. Damu ya majoka ni ya fedha, na yake ni nyekundu. Kila kilichowekwa kuzitenga pande mbili kinampita. Anaponea hapo hapo anapokosa pa kusimama, kwa sababu mkataba umewaweka watu upande mmoja na majoka upande wa pili, na katikati hakuna kiti.

Sasa tufike kwenye tatizo linaloziangusha riwaya nyingi za aina hii. Ukitaka kusema juu ya ubaguzi kwa kutumia viumbe wa kubuni, unawapa hao viumbe meno, moto na nguvu za ajabu, kisha unamwambia msomaji kwamba kuwaogopa ni ujinga. Msomaji mwerevu atauliza: ujinga kwa vipi, ikiwa kweli wanakula watu? Katika maisha yetu wanaobaguliwa hawatemi moto. Mfano unapovuta upande huo, ubaguzi unageuka tahadhari ya kawaida.

Hartman amelijua tatizo hilo, na hakulikwepa. Majoka wake waliua kweli, na vita vilikuwepo. Alichokifanya kwanza ni kutumia umri. Miaka 40 inatosha kuzaa kizazi ambacho vita kwake ni simulizi, na miongoni mwa wanaopiga kelele zaidi wamo vijana kama Josef, mkuu wa Apsig, ambao hawakuuona moto huo. Chuki yao wameirithi, hawakuipata kwa kuungua. Pili, ameonyesha kwamba majoka nao wana ubaguzi wao. Kwao hisia ni uchafu. Wanaoishi katika miili ya binadamu huchunguzwa na wakaguzi maalumu, na joka atakayekutwa amependa hukatwa kumbukumbu zake. Orma anampenda mpwa wake na hana ruhusa ya kulitamka neno hilo hata kwa nafsi yake. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha masomo wamekaa wawili waliojificha, mmoja akificha magamba, mwingine akificha upendo, na mazungumzo yao makavu yaliyojaa hesabu na mantiki yanabeba uzito ambao msomaji anauhisi kabla hawajauhisi wenyewe. Hakuna kitu katika kitabu hiki kilichoandikwa vizuri kumshinda Orma.

Chini ya hao wote kuna quigutl, ndugu wadogo wa majoka, wenye harufu mbaya na matamshi ya shida, mafundi hodari wa vyombo. Watu wanawadharau, majoka wanawadharau. Mwandishi hawapi nafasi kubwa, na ni hasara.

Je, tatizo limekwisha? Nadhani halijaisha. Anayehusishwa na kifo cha Rufus ni Imlann, joka, na tena ni babu yake Seraphina mzaa mama. Maana yake wale waliosema mitaani kwamba ni majoka walikuwa na haki ya aina fulani. Hartman anapunguza makali kwa kuonyesha kwamba lengo la Imlann ni kuuvunja mkataba, jambo ambalo wabaguzi wa upande wa binadamu wanalitaka vilevile. Wenye chuki wa pande mbili wanasukuma gari moja. Kisiasa ni hoja nzuri. Kisanaa, muuaji angekuwa mwingine, riwaya ingekuwa na ujasiri zaidi.

Sehemu ya ufundi inayostahili kusomwa mara mbili ni bustani. Seraphina husumbuliwa na maono ya viumbe wa ajabu yanayomwangusha akazimia. Orma akamfundisha kujenga bustani akilini mwake, kila kiumbe akapewa sehemu yake, na kila usiku, kabla ya kulala, binti hupita kuwakagua ili watulie. Kwa muda mrefu msomaji huichukulia bustani hiyo kama picha ya ugonjwa, jinsi mtu anavyozipanga hofu zake. Kisha mmoja wa viumbe hao anatokea akiwa mtu hai. Baadaye mwingine. Abdo, mtoto kutoka Porphyry. Lars, mpiga ala mrefu mwenye nguvu. Dame Okra, mwanamke mkali wa ubalozini. Wote ni machotara, wamejificha kama yeye. Alichokidhani ugonjwa kumbe ni jamaa zake. Mabadiliko hayo hayakuhitaji mhusika mpya aingizwe wala siri mpya itobolewe. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo, kimepangwa kwenye matuta. Mwandishi aliyeipata njia hii alikuwa ameishi na Goredd kwa muda, na ndivyo ilivyokuwa, maana kabla ya riwaya alikwishauchora ufalme huo katika katuni yake Amy Unbounded.

Mpelelezi katika hadithi ni Lucian Kiggs, mkuu wa walinzi, mchumba wa Binti Mfalme Glisselda. Angeweza kuwa askari mgumu tu. Badala yake ni mwana wa nje ya ndoa, anayejua kutazamwa kwa jicho la pembeni tangu kuzaliwa, na ni mtu anayechukia uongo. Yaani anayefaa kuliko wote kumwelewa Seraphina ndiye ambaye ni hatari kuliko wote kumwambia. Kila mazungumzo yao yana kamba mbili zinazovutana. Tomi Adeyemi, katika Children of Blood and Bone ya mwaka 2018, alijaribu jambo la karibu kwa kuipanda siri ndani ya mtesaji mwenyewe: Inan, mwana wa mfalme anayewaangamiza wenye uchawi, anagundua kwamba uchawi umo mwilini mwake na kuanza kuuficha. Njia ya Adeyemi ina moto zaidi. Ya Hartman inadumu zaidi, kwa kuwa Kiggs hana ubaya wa kumrahisishia msomaji hukumu.

Riwaya hii ilipata tuzo ya William C. Morris ya mwaka 2013, inayotolewa Marekani kwa waandishi wapya wa vitabu vya vijana, na mwendelezo wake, Shadow Scale, ulitoka mwaka 2015. Pamoja na sifa hizo, mwisho umekwenda mbio. Tumesoma mamia ya kurasa tukiaminishwa kwamba gamba likionekana, dunia itaanguka. Linapoonekana, wale ambao Seraphina aliwaogopa zaidi wanalipokea kwa wepesi ambao sura zilizotangulia hazikuuandaa. Glisselda, hasa, anakubali karibu bila kusita. Vita vinavyoanza kati ya majoka vinaziba pengo hilo kwa kelele, lakini deni halijalipwa.

Ila kuna jambo moja Hartman amelifanya katika kurasa hizo ambalo linamrudishia alama. Seraphina na Kiggs wanakiri kwamba wanapendana, kisha wanakubaliana kunyamaza, kwa sababu Glisselda ndiye mchumba na ana mizigo ya kutosha. Binti aliyelala na siri moja kwa miaka mingi anaamka na nyingine, na safari hii Kiggs mwenye kuchukia uongo ndiye anayeishika ncha ya pili.