Nyekundu Ibaki Nyekundu

Kati ya mafundi wote wa uchapaji, ninayemheshimu kuliko wote ni yule wa mashine ya mabango asiyeyaamini macho yake mwenyewe. Watu hudhani kazi yake ni kubonyeza kitufe tu: mteja analeta flashi, picha inafunguliwa, printa pana inaanza kuunguruma, bango linatoka, linapigwa matobo, linakwenda kutundikwa. Ni kweli, Kariakoo na River Road zimejaa ofisi zinazofanya hivyo na zinalipa kodi ya pango bila taabu. Lakini hebu yatazame mabango yao yakishapanda barabarani. Duka moja, matawi mawili, bluu mbili.

Shida huanzia kwenye skrini. Skrini hutoa mwanga, ilhali wino hunyonya mwanga. Ya kwanza huchanganya nyekundu, kijani na bluu za taa. Printa nayo huchanganya sayani, majenta, manjano na nyeusi juu ya plastiki nyeupe. Zipo rangi ambazo taa huzifikia na wino hauzifikii hata ukiumwaga kwa ndoo. Kijani kikali cha skrini ni mojawapo. Bluu nzito ni balaa zaidi, kwa kuwa mashine huitengeneza kwa sayani na majenta, na majenta ikizidi kidogo bluu imeshakuwa zambarau. Ile ya bendera ya Tanzania, kwa bahati njema, inakaa jirani na sayani yenyewe, haisumbui sana. Nyekundu ndiyo yenye kesi. Mchapie shabiki wa Simba bango ambalo wekundu wake umeelekea rangi ya chungwa, ulitundike Msimbazi, usikie utakachoambiwa.

Fundi wa kubahatisha hapo huifungua picha na kuongeza majenta. Anachapa, anatazama, anapunguza manjano, anachapa tena. Wekundu wa jezi ukipatikana, uso wa mchezaji umeshaiva. Kesho ikija kazi nyingine anaanza upya, sawa na fundi cherehani anayekata kitambaa bila futi. Ninayemsifu mimi haigusi picha. Anaanza na mashine.

Anasafisha vichwa vya wino na kuchapa ile mistari ya kuonyesha kama kuna tundu lililoziba, maana majenta ikiwa haitoki sawasawa vipimo vyote vitakavyofuata ni vya uongo. Anaweka joto linaloifaa plastiki iliyofungwa. Halafu anatafuta ukomo wa kila wino: anachapa ukanda wa sayani kutoka hafifu hadi iliyokolea, akitafuta mahali ambapo kuongeza wino hakukolezi rangi tena, kunaleta dimbwi tu. Kisha anasawazisha, ili nusu ya majenta inayoagizwa na kompyuta iwe nusu kweli juu ya bango. Rangi zote nne zikimwagwa kamili ni asilimia 400, kiasi ambacho bango la kawaida halikibebi bila kuchuruzika au kugandana likikunjwa, kwa hiyo jumla nayo inawekewa kikomo.

Ndipo anapochapa chati ya mamia ya vijiraba vya rangi, na kuiacha. Kuiacha huko ndiko kunakowashinda wengi. Wino wa solventi hubadilika rangi unapokauka, na anayepima chati mbichi anapima kitu ambacho kesho hakitakuwepo. Bosi analalamika kwamba mashine imelala, mteja anapiga simu, yeye anangoja.

Chati ikikauka anachukua spektrofotometa, kifaa cha mkononi kinachomulika kila kiraba na kusoma mwanga unaorudi. Namba zake huingia katika mfumo wa Lab, uliotangazwa mwaka 1976 na CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, juu ya msingi wa mwaka 1931. Msingi huo una kisa ninachokipenda. Ulitokana na majaribio ya Waingereza wawili, W. David Wright na John Guild, kila mmoja kivyake, waliowaketisha watu mbele ya taa za rangi ili wazilinganishe. Wright alikuwa na watu 10, Guild alikuwa na 7. Macho ya watu 17, basi, ndiyo yaliyo nyuma ya hesabu ya rangi ya bango la send-off kule Mbagala.

Kutokana na vipimo hivyo programu hutengeneza profaili, faili inayoieleza kompyuta kwamba mashine hii, kwa wino huu, juu ya bango la aina hii, ikiagizwa hivi hutoa hivi. Muundo wa faili hizo ulitoka kwa ICC, umoja ulioanzishwa na kampuni 8 mwaka 1993, zikiwemo Adobe, Apple na Kodak. Ukibadilisha kitu kimoja, kwa mfano ukapunguza mapito ya kichwa ili kazi itoke haraka, profaili hiyo haikuhusu tena. Wenye ofisi wengi hawapendi kulisikia hili.

Mtihani mkubwa ni uso wa mtu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka kama ilivyotoka. Printa ya leo haina Shirley, ila bibi harusi wetu bado anaweza kutoka na uso wa majivu kwa sababu sayani imezidi kidogo. Fundi mzuri huangalia kijivu kwanza. Sayani, majenta na manjano kwa kiasi sawa hazileti kijivu, zinaleta kahawia. Sayani lazima iwe juu kidogo ya wenzake. Kijivu kikitulia, ngozi nayo hutulia.

Uungwana wake naupenda kuliko utaalamu wake. Mteja akileta kijani kisichofikika, humwambia mapema, humwonyesha kilicho karibu zaidi, na kumtajia tofauti kwa namba: kwenye Lab tofauti ya 1 ni ya kutafuta kwa macho makali, ya 2 au 3 wengi wataivumilia, ya 10 hata mtoto ataiona. Kisha humtoa nje ya ofisi wakaangalie juani, kwa sababu rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya dukani zinaweza kuachana kabisa mchana.

Nawe unayepeleka nembo kuchapwa, usitume picha uliyoipiga kwenye skrini kwa WhatsApp. Peleka faili halisi, na kitu ulichokwisha kuchapa chenye rangi unayoitaka. Omba kipande cha sampuli juu ya bango lile lile, kikague mchana, ukilipie, na umwache fundi angoje wino ukauke.