Neno "Kaa": Umbo Moja, Asili Tatu

Miongoni mwa maneno mafupi ya Kiswahili yanayostahili kuchunguzwa upya ni neno *kaa*. Kama kitenzi, lina maana ya kuketi, kuishi au kudumu. Kama nomino, ni kipande cha kuni kilichoungua, na pia ni mnyama wa pwani mwenye magando. Yako maelezo yanayovutia kwamba hili ni neno moja lililopanuka maana: makaa "hukaa" mekoni, na kaa "hukaa" shimoni. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayana msingi.

Tuanze na kitenzi. Kikinyambuliwa, hutoa *kalia* na *kalisha*, kama vile *zaa* kinavyotoa *zalia*, na *vaa* kinavyotoa *valia*. Sauti /l/ iliyodondoka kati ya irabu mbili yarejea katika mnyambuliko. Tena, mbele ya kiambishi tamati -i, sauti hiyo hugeuka /z/: *mkazi*, *mzazi*, *vazi*. Kwa hiyo Kiswahili chenyewe chashuhudia kwamba shina la kale lilikuwa *kala*. Lugha jirani zathibitisha: Kidigo na Kigiryama husema *kala*, Kichewa *khala*, Kikongo *kala*, na Kikuyu *ikara*.

Nomino nazo zina historia zake. *Makaa* ni *makala* katika Kidigo, Kichewa, Kilingala na Kikongo, na ni *makara* katika Kikuyu. Mnyama wa pwani ni *nkala* katika Kikongo na *inkala* katika Kizulu. Mashina ya nomino hizi mbili yalikaribiana tangu kale, lakini kila moja lilikuwa na ngeli yake. La kwanza ni la ngeli ya JI-MA; la pili ni la ngeli ya N, na ndiyo sababu Kikongo na Kizulu zimehifadhi king'ong'o mbele ya /k/.

Hapo ndipo ushahidi wa Kimvita unapokuwa na thamani kubwa. Katika lahaja hiyo king'ong'o kilichodondoka kimeacha mpumuo nyuma yake: mnyama ni *khaa*, na kipande cha makaa ni *kaa*. Hali ni hiyo hiyo kwa *phaa*, mnyama wa porini, na *paa* la nyumba. Kwa *thembo*, ndovu, na *tembo*, kileo. Lakini mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza tahajia isiyoonyesha mpumuo. Basi maneno ambayo Mmvita huyatofautisha kwa sikio, msomaji huyaona kuwa neno moja.

Yafaa tujihadhari pia na mfanano wa juujuu. *Makala* ya Kidigo ni makaa, bali *makala* tunayoandika katika jarida kama hili yametokana na Kiarabu. Atakayeyaunganisha kwa sababu ya umbo tu atakuwa ametenda kosa lile lile la anayeunganisha *kaa* zote tatu.

Tunachokidai si kubadili tahajia. Kuibadili leo kungeleta usumbufu mkubwa kuliko faida. Lakini haitoshi kamusi kutenga maneno kwa tarakimu pekee: kaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanafunzi huziona tarakimu hizo kama hesabu ya maana za neno moja, na mwalimu hana hoja ya kumwongoza. Kila kidahizo cha namna hii kionyeshe ngeli, matamshi ya lahaja zinazohifadhi tofauti, na umbo la neno katika angalau lugha moja ya Kibantu. Bila hivyo, wasemaji wa Kimvita watakapoacha mpumuo kwa kufuata matamshi ya shuleni, tutakuwa tumepoteza ushahidi ambao hakuna kitabu kitakachoweza kuturudishia.