Lipiko: Ufundi wa Hofu ya Pamoja

Lipiko ni kinyago cha mti kinachovaliwa kichwani kama kofia, na pia ni jina la kiumbe anayezaliwa mtu anapokivaa. Wingi wake ni mapiko. Wanaosifika zaidi kwa vinyago hivi ni Wamakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji. Ndugu zao wa upande wa Tanzania, kuanzia uwanda wa Newala hadi pwani ya Mtwara, wana ngoma za midimu, ambamo vinyago vingi hufunika uso tu na baadhi ya wachezaji hutembea juu ya mironjo. Mto Ruvuma, ulio mpakani mwa nchi hizo mbili, haukuwa ukuta: waliovuka kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha waliokimbia vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974, walikuja na ngoma zao, na mitindo ya ng'ambo mbili ikachanganyika.

Mchongaji wa lipiko hagusi mpingo. Mti huo, ulioutangaza uchongaji wa Kimakonde duniani, ni mzito mno kwa mtu atakayeruka na kutikisika nao kichwani. Hutafutwa mti mwepesi na laini, ukachongwa kwa faragha, mbali na wanawake na watoto, mpaka ukuta wake uwe mwembamba. Nywele halisi za watu hubandikwa kwa nta ya nyuki. Chale za uso huchongwa au huundwa kwa nta, na kinyago cha mwanamke wa zamani hupewa pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu. Anayetarajia pembe na meno ya zimwi atashangaa, kwa kuwa mapiko mengi ni sura za watu: mzee, mwanamke, mfanyabiashara wa Kihindi, ofisa wa kikoloni. Hapo ndipo akili ya mafundi hawa inapoonekana. Sura ya zimwi huzoeleka upesi, lakini uso unaofanana na wa jirani, wenye nywele za kweli na macho yasiyopepesa, hauzoeleki.

Mwili wa mchezaji hufunikwa kwa nguo toka shingoni hadi vidoleni, maana mtu anaweza kutambuliwa hata kwa kovu la mkono. Kitambaa hushuka kutoka ukingo wa kinyago na kuficha shingo. Kwa kuwa kinyago huvaliwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, mvaaji huona kupitia tundu la mdomo, na kichwa chake huonekana kimekaa mahali ambapo kichwa cha binadamu hakikai. Katika midimu huweza kuongezwa ubao wa kifua uliochongwa matiti na tumbo la mimba, ukavaliwa na mwanamume anayeigiza mjamzito.

Kilele cha ufundi, hata hivyo, kimo kati ya mchezaji na wapigaji. Vinganga, ngoma ndogo zenye mguu mrefu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa fito, na ngozi zake hukazwa kwa kuoteshwa moto. Ngoma kubwa husema na miguu ya lipiko, njuga zikajibu kila mtikisiko. Mapigo hupanda, mwili mzima hutetemeka, kisha vyote hukatika kwa pamoja: pigo la mwisho na mguu wa mwisho hutua kwa wakati mmoja, na lipiko hubaki ameganda. Mchezaji akichelewa kidogo tu, aliyesimama uwanjani ni mtu aliyejifunika nguo. Akiwahi sawasawa, hata anayemjua huingiwa na shaka.

Kimapokeo wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko si mtu, ni mfu aliyerudi. Wavulana walifunuliwa siri wakiwa jandoni, na ngoma za vinyago zilipamba kurudi kwao nyumbani. Lakini mwanamke aliyemlea mvaaji, anayeijua hatua yake na upana wa mabega yake, si rahisi kudanganyika. Hata hivyo alikimbia akipiga kelele, akarudi, akakimbia tena. Kukimbia huko ni sehemu ya ngoma sawa na vinganga, na kunastahili kusifiwa kama kazi ya mikono ya mchongaji.

Siku hizi hofu ya namna hiyo ina jamaa yake kwenye kompyuta. Mwaka 2023 mbunifu anayejiita Zeekerss, akifanya kazi peke yake, alitoa Lethal Company, mchezo wa hadi watu wanne wanaookota vyuma chakavu kwenye majengo yenye majinamizi. Picha zake ni za hali ya chini. Nguvu imo katika sauti, kwa kuwa, isipokuwa kwa redio ya mkononi, mchezaji humsikia mwenzake akiwa karibu tu, na mwenzake akikamatwa sauti hukatika. Mna kinyago pia: anayekivaa hugeuka adui mwenye umbo la mwenzao. Udhaifu wake ni kwamba akicheza mtu peke yake mchezo hupwaya, na aliyekwisha kuyajua majinamizi yote huanza kucheka.

Lipiko naye hawezi kuishi bila wenzake. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilitambuliwa mwaka 1990, na hati ya kukirejesha ilitiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010. Kurejeshwa kwake kulikuwa haki, lakini ndani ya kioo, Geneva au Dar es Salaam, hakimfukuzi mtu.

Kasoro nzito zaidi ni ya ndani. Siri ya lipiko iliwapa wanaume nguvu ya kuwatisha wanawake, na kutisha huko hakukuwa mchezo kila mara. Msumbiji, baada ya uhuru, wapo wanawake walioanzisha vikundi vyao vya mapiko na kuvaa vinyago wenyewe. Mtwara, tamasha la MaKuYa limeweka ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao mbele ya watazamaji wote, bila kujali nani amepita jandoni. Siri imepungua hapo, na mapigo bado hukatika pamoja na mguu.