Kupika kwa Kilichopo

Mpishi wa shughuli hupewa orodha, na kinachopungua hununuliwa. Mpishi wa nyumbani, mwezi ukiwa ukingoni, hukuta nusu kilo ya unga, dagaa waliobaki kwenye mfuko, vitunguu viwili, nyanya moja iliyoanza kulegea, ndimu, na bakuli la maharage ya jana. Kwa hivyo hivyo watu watano watakula, na inatakiwa wale kwa hamu. Wengi wangesema huyo wa kwanza ndiye fundi, na wa pili anajikimu tu. Mimi naona kinyume. Anayepika kwa kilichopo hulazimika kuujua upishi kwa undani kuliko anayefuata orodha, kwa sababu orodha imekwisha kumfanyia mwenzake sehemu kubwa ya kufikiri. Kabati halimfikirii mtu.

Ujuzi wenyewe uko wapi? Uko katika kujua kazi ya kila kitu ndani ya sufuria. Mlo wa kwetu, uwe wa Tanga, wa Mwanza au wa Kisumu, una nafasi chache zinazotaka kujazwa. Kuna cha kushibisha: ugali, wali, ndizi, muhogo, kiazi. Kuna cha kujenga mwili: maharage, kunde, choroko, dagaa, yai. Kuna mafuta, yanayobeba ladha na kulainisha. Kuna uchachu unaoamsha mdomo, na kuna harufu ya kitunguu, tangawizi au bizari inayomvuta mtu mezani kabla hajaitwa. Asiyejua kupika hukumbuka majina tu, ndiyo maana jina moja likikosekana pishi zima humshinda. Anayejua hutazama kazi. Akikosa nazi, anajua kwamba nazi ingeleta mafuta na uzito, basi husaga karanga. Akikosa nyanya, anajua kwamba amekosa uchachu na rojo. Uchachu ataupata kwenye ndimu, ukwaju au embe bichi, na rojo ataipata kwa kukaanga kitunguu taratibu mpaka kilainike na kuvurugika. Tena habadilishi ovyo. Karanga hunywa maji na kushika chini ya sufuria, kwa hiyo moto hupunguzwa na mwiko hautoki mkononi. Ukwaju hutia weusi, kwa hiyo hauendi kwenye mchuzi unaotakiwa uwe mweupe. Kila badiliko hudai jingine, na mpishi huyaona yote kabla hajawasha jiko.

Chukua maharage, chakula ambacho watu hudhani hakihitaji akili yoyote. Ukiyatia nyanya, ndimu au ukwaju kabla hayajaiva, yatakaa motoni saa nzima zaidi na bado yatakuwa magumu, kwa kuwa asidi huzuia maganda na kuta za ndani za punje zisilainike. Magadi hufanya kinyume: hulainisha haraka na kuokoa mkaa, lakini yakizidi huua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kwa hiyo mpishi mzuri huyaloweka maharage usiku kucha, huyachemsha kwa maji matupu, na uchachu wote huusubirisha mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizi, na mara nyingi hana jina la kisayansi la sababu yake. Hata hivyo anachokifanya ni kemia iliyo sahihi, iliyojaribiwa na wengi na kupokezwa mdomo kwa mdomo hadi ikamfikia yeye.

Pwani ushahidi ni mzuri zaidi, na uko ndani ya nazi moja. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha hukamuliwa kwa maji kidogo, na tui la kwanza, zito, huwekwa kando. Maji hutiwa tena, machicha hukamuliwa tena, na hapo hupatikana tui jepesi. Tui jepesi ndilo linalopikia: huchemsha kunde, muhogo au samaki mkavu, na halidhuriki na moto mkali. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, huku likikorogwa polepole kwa upawa, maana likiachwa litokote kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Machicha yaliyobaki huwaendea kuku. Nazi moja imeivisha, imeunga, imelisha na banda la kuku. Mwenye kununua tui la kopo hupata mafuta yale yale, ila mgawanyo huu wa kazi haumo ndani ya kopo lake.

Uchumi huo huo umo katika mimea tunayoila. Muhogo hutupa mzizi, na majani yake ni kisamvu. Kiazi kitamu hutupa kiazi, na majani yake ni matembele. Kunde huliwa majani zikiwa shambani, na punje zikiwa ghalani. Boga huliwa nyama yake, majani yake na mbegu zake zilizokaangwa. Watu waliotazama mmea mmoja wakaona vyakula viwili au vitatu walikuwa wameshika ufundi huu kabla ya kuwapo friji wala genge la mtaani, na haukuwa ujanja mwepesi. Kisamvu kina sumu ya sianidi. Kwanza hutwangwa kinuni, kisha huchemshwa kwa muda mrefu ili sumu hiyo itoke. Aliyeuvumbua utaratibu huo jina lake halijulikani, nami namhesabu miongoni mwa wapishi wakubwa waliopata kuishi.

Pia kilichopo jikoni hakikufika pale chenyewe. Wasukuma huanika vipande vya viazi vitamu na kupata michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wavianike na kupata matobolwa, vikaliwa miezi baada ya mavuno. Wagogo hukausha mlenda na kuuweka kwa ajili ya kiangazi, wakati shambani hakuna jani. Pwani hupasua samaki, wakamtia chumvi, wakamwanika na kumwita ng'onda. Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza husafiri mamia ya kilomita wakiwa wakavu, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, humpa mlaji madini ya kalisi ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauna kwa kiasi hicho. Kwa hiyo upishi wa siku ile ya ufukara huanza siku ya neema. Mtu asiyeanika chochote mavuno yakiwa mengi hawezi kulilaumu kabati Februari.

Halafu kuna makande, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharage. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele. Maharage nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Yakichanganywa, protini yake hukaribia ubora wa ile ya nyama, kwa sehemu ndogo ya bei. Mseto wa mchele na choroko hufuata kanuni hiyo hiyo, na githeri ya Kenya ni ndugu wa makande. Waliovianzisha vyakula hivi hawakuwa na maabara. Walikuwa na ghala lenye nafaka na mikunde, wakaona watoto wanavyokua. Hali ni hiyo hiyo kwa mazoea mengine mawili. Majani ya kijani hayatoi vitamini A yake vizuri pasipo mafuta, nasi tumezoea kuunga mchicha kwa nazi au karanga. Madini ya chuma ya kwenye majani na maharage hufyonzwa vizuri zaidi yakiambatana na vitamini C, nasi tumezoea kukamulia ndimu mezani. Vyakula vya namna hii havikai chini milele. Katogo ya Uganda, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maharage, ilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Leo hoteli za Kampala huiweka kwenye kifungua kinywa. Huko Toscana nchini Italia, ribollita, supu ya maharage, majani na mkate mkavu iliyochemshwa upya, ilitoka kwenye majiko ya wakulima na sasa wageni huilipia Firenze.

Kupika kwa kilichopo ni pia kupanga foleni. Nyanya iliyolegea, mchicha na samaki mbichi hutangulia. Viazi, maboga na kunde kavu husubiri. Ugali wa jana hukatwa vipande ukakaangwa mpaka ukaukie nje. Maharage ya jana huungwa upya kwa kitunguu na kuwa mazito kuliko yalivyokuwa, na wengi huyapenda zaidi. Chapati zilizokauka hukatwakatwa zikakaangwa na yai na hoho. Haya ni mambo madogo, na ndiyo maana hayahesabiwi. Lakini Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, katika ripoti yake ya 2024 lilikadiria kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Si hotelini wala madukani. Kilitoka kwenye majiko ambayo yangehitaji mtu mmoja anayejua kupanga foleni.

Pingamizi la kwanza ni la afya, nalo ni zito. Watasema: mkisifu viporo mtawalisha watu uozo. Najibu kwamba fundi wa jambo hili ndiye anayejua zaidi kipi kitupwe. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Nafaka iliyoota ukungu haina mapishi, na kubana matumizi hakuigeuzi kuwa chakula. Wali nao una hatari yake: vijidudu vyake huvumilia kuiva, na ukiachwa nje hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, kwa hiyo upozwe haraka, ufunikwe, uwekwe kwenye baridi, na asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja. Kujua mpaka huo ni sehemu ya ustadi wenyewe, na asiyeujua bado ni mwanafunzi.

Pingamizi la pili hunigusa zaidi. Wako watakaosema kwamba kusifu upishi wa namna hii ni kupamba umaskini, ni kumwambia mwenye mshahara mdogo kwamba tatizo lake ni ubunifu. Wana haki ya kuhofia hilo, kwa kuwa sifa hizi zimewahi kutumiwa hivyo. Basi iwe wazi: sufuria tupu haina ufundi. Huwezi kupanga kazi za vitu ambavyo havipo, na familia isiyo na unga inahitaji unga, bei ya haki ya mazao na ajira, haihitaji mawaidha. Anayenunua mafuta ya kupima na sukari ya robo kwenye duka la mtaani mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na hakuna mpishi awezaye kuifuta dhuluma hiyo kwa mwiko. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, nacho ni kweli: palipo na kidogo, ujuzi huu hukifanya kitoshe na kipendeze, na mwenye ujuzi huo anastahili heshima ya fundi. Kumnyima heshima hakumwongezei mshahara. Tena ujuzi huu haubagui mfuko. Mwenye friji iliyojaa anayetupa nusu ya alichonunua kila Jumamosi anauhitaji kuliko jirani yake.

Wengine hutaja muda na mkaa, kwamba makande ya saa tatu si rahisi hata kidogo. Hilo hujibiwa na kuloweka, kuchemsha ya siku mbili kwa moto mmoja, na kufunika sufuria. Bali suala la nani anasimama jikoni saa hizo halijibiwi kwa kuloweka. Kazi hii imewaangukia wanawake na wasichana, na kwa kuwa imewaangukia wao, haikuitwa ufundi. Kijana akisomea upishi kwenye chuo cha ufundi cha VETA hutoka na cheti. Mama aliyelisha watu saba kwa miaka thelathini bila kutupa chakula husemwa kuwa "yuko nyumbani tu". Sioni njia ya kuurekebisha uonevu huo kwa kuacha kupika. Naona njia katika kuugawa ujuzi, wavulana waupate sawa na dada zao, na katika kuutaja kwa jina lake unapoonekana.

Kwa hiyo, wewe mwenye kijana nyumbani, wa kike au wa kiume, mwachie jiko siku moja kwa wiki bila kumpa hela ya genge. Mwonyeshe kwanza kipi kimeharibika na ni cha kutupwa. Kisha mwache afungue kabati, aulizwe kila kitu anachokishika kitafanya kazi gani, apike, na nyumba nzima ile alichopika.