Hamisi gani?

Muulize mvuvi wa pwani ya kusini ya Kenya habari za bahari huzungumza na nani, atakutajia Hamisi. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana kutoka Diani hadi Msambweni akina Hamisi hawahesabiki. Hamisi wa juya, au yule mpwa wa imamu? Usipouliza, watu wawili watageuka mmoja kwenye daftari la mtafiti, na mtu asiye na neno kijijini ataonekana kigogo.

Beatrice Crona na Örjan Bodin wa Chuo Kikuu cha Stockholm waliifanya kazi ya namna hiyo katika kijiji kimoja cha wavuvi pwani hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Mbinu yenyewe ni nyepesi kuieleza, nzito kuitekeleza. Mhojiwa hutaja watu anaopashana nao habari za bahari na mali asili nyingine. Majina hupangwa kwenye jedwali, wanaotaja ubavuni, wanaotajwa juu: aliyetajwa hupewa 1, asiyetajwa 0. Kompyuta ndiyo huhesabu nani katajwa na wengi na nani kasimama kati ya makundi mawili yasiyosemezana. Sampuli ndogo haifai hapa. Kura ya maoni inaweza kuruka nyumba 9 ikabisha hodi ya 10. Mtandao wa maongezi ukirukwa hivyo huwa kama wavu uliotatuka, na aliyepita kwenye tundu huenda ndiye aliyekuwa kiungo.

Walichokuta ni kwamba wavuvi huongea zaidi na wenye zana kama zao, wa juya na wa juya, wa mshipi na wa mshipi. Kundi lenye ushawishi mkubwa lilikuwa la wavuvi wa bahari kuu. Watafiti wakadokeza kuwa huenda ndiyo sababu kijiji hakikuungana kukabili uvuvi uliopita kiasi: wanaosikilizwa zaidi riziki yao iko mbali na maji yanayochoka.

Kwangu mimi makala yao ya 2008 ina uzito zaidi. Walipima jinsi watu walivyoshikamana, wakakuta mshikamano mkubwa, lakini watu walisita kuripoti wanaovunja sheria. Aliyekulia huku hatashangaa. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, ila utamshtaki vipi mwenye nalo, naye ni shemejio, na juzi alikuwa kwako matangani?

Kasoro ninayoiona ni kwamba swali la maongezi peke yake halimnasi tajiri, yule mnunuzi anayemkopesha mvuvi nyavu kisha akalipwa kwa samaki. Huenda hawazungumzi habari za mwamba hata siku moja, lakini deni ndilo linalompeleka mvuvi baharini hata kusi likivuma. Crona na wenzake walilichunguza jambo hilo mwaka 2010, kwa wachuuzi wa Kenya na Zanzibar.

Mwaka 2019 mtafiti Michele Barnes na wenzake waliunganisha jedwali na mbizi: wavuvi 648 wa jamii tano za Kenya walihojiwa, na miamba yao ikakaguliwa chini ya maji. Pale ambapo wanaogombea samaki walewale walikuwa wakisemezana, samaki walikuwa wengi zaidi. Hilo halithibitishi kwamba maongezi ndiyo yaliyowaongeza. Huenda palipo na samaki watu hawana sababu ya kununiana.