Dakota Tuliyoiona Kutoka Uzioni

Modeli ni zana ya kufundishia, hata pale aliyeitengeneza hakukusudia kumfundisha mtu. Katika miaka niliyokaa chuo cha ualimu nilisahihisha zana nyingi za wanachuo: moyo wa binadamu wa udongo wa mfinyanzi, volkano ya karatasi zilizolowekwa, mizani ya vifuu vya nazi. Swali letu la kutoa alama lilikuwa fupi: zana hii inaonyesha nini, na inamwonyesha nani? Mwanachuo aliyepaka moyo wake rangi ya kuvutia, lakini akasahau kwamba ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, alipata alama chache kuliko mwenzake ambaye moyo wake ulifanana na kiazi lakini kuta zake zilikuwa sahihi. Wengi walinung'unika. Mpaka leo naamini kipimo kile kilikuwa cha haki, na ndicho nitakachokitumia kwa Dakota iliyo juu ya kabati langu la vitabu hapa Shinyanga.

Dakota hiyo ni kazi ya mjukuu wangu, ambaye ni fundi mitambo katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Alinunua boksi kuukuu kutoka ng'ambo, akaliunga wakati wa mapumziko yake, akaniletea tayari limekwisha. Vipande vilitengenezwa na kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo ilitoa modeli hii mara ya kwanza mwaka 1960 kwa kipimo cha 1 kwa 72. Ndege yenyewe, DC-3 ya kampuni ya Douglas ya Marekani, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Vita Kuu ya Pili iliifanya izaliane kwa maelfu, na vita vilipokwisha mashirika mengi duniani yalizichukua zile za jeshi na kuzitia viti vya abiria. Waingereza waliziita Dakota, na jina hilo ndilo lililotufikia. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari zake mwaka 1946, lilizitumia kwa miaka mingi.

Boksi lile halina habari na shirika letu. Nembo zilizokuja nalo ni za Silver City, kampuni ya Kiingereza. Anayetaka Dakota ya Afrika Mashariki hana budi kuchora nembo ya simba kwa mkono wake. Silaumu. Mfanyabiashara wa London mwaka 1960 aliwauzia watoto wa London. Lakini tangu hapo kazi ya kuiboresha modeli hii inakuwa na maana mbili kwa mtu wa huku: kusahihisha plastiki, na kusahihisha kumbukumbu. Mjukuu wangu amefaulu sana katika la kwanza. Katika la pili nina maneno naye.

Nianze na ribiti, kwa sababu ndizo zilizoifanya modeli hii isifike na ndizo zilizoifanya ichekwe. Mchonga kalibu wa mwaka 1960 alizitapakaza kila mahali, kiwiliwili na mabawa, kama ndui. Nikizitazama kwenye kipande cha akiba kilichobaki ndani ya boksi, nakadiria kila moja ina upana wa nusu milimita. Zidisha kwa 72: milimita 36. Yaani kwenye ndege halisi kila ribiti ingekuwa kubwa kuliko kizibo cha soda! Mjukuu alizifuta zote kwa msasa na maji, bawa moja usiku mmoja, kisha akajaza mifereji ya maungio kwa puti ile ile wanayotumia mafundi wa bodi za magari. Halafu akageukia ukingo wa nyuma wa bawa, ambao kwenye plastiki ulikuwa na unene wa milimita moja. Kwa ndege ya kweli hizo ni sentimita saba, unene wa tofali lililolazwa. Ameusugua kutoka ndani mpaka mwanga unapenya. Hii ni kazi ya fundi, na ningempa alama zote bila kufikiri mara mbili.

Kisha akaendelea, na hapo ndipo ninapoanza kusita. Alikata viti vya abiria kutoka kwenye karatasi ngumu, safu kwa safu, akavipaka rangi, akaweka hata mikanda, halafu akafunga kiwiliwili kwa gundi. Viti hivyo vinaonekana kupitia vidirisha vidogo kuliko punje za mahindi. Kwa maneno mengine, havionekani. Nilipomwuliza ni za nani juhudi hizo, alinijibu, "Babu, mimi najua vipo." Ni jibu lenye heshima yake, hata fundi wa kanisa huchonga mahali ambapo macho ya waumini hayafiki. Lakini usiku ule ule aliokata mikanda ya viti, aliyapaka mabawa yote rangi moja ya fedha, laini, inayong'aa kama kijiko kipya.

Sasa niseme kuhusu umbali. Mtu anapoishika modeli ya 1 kwa 72 na kuitazama kwa sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kuitazama ndege yenyewe kutoka mita 21 na nusu hivi. Hesabu hii ni ya darasa la saba, lakini naona kwamba wenye kuboresha modeli huisahau, wakaingiza ndani ya modeli vitu ambavyo hata aliyesimama kando ya ndege halisi asingeviona, na kuviacha vile ambavyo aliyekuwa mbali alivijua kwa moyo. Mita 21 ndio umbali wa uzioni. Na uzioni ndiko tulikokuwa sisi.

Hili si fumbo. Mwaka 1961, nikiwa na miaka kumi, nilipelekwa Mwanza kwa gari moshi, na mjomba wangu akanichukua uwanja wa ndege kutazama Dakota. Hakuna aliyekuwa anasafiri. Tulikwenda kutazama, kama wengine wengi waliojipanga pale. Mwadui, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ndege zilitua ndani ya eneo la mgodi, na watu wa vijiji vya jirani walizijua kwa ngurumo na kwa tumbo. Waliowahi kukaa kwenye viti vile vya Dakota walikuwa wachache: maofisa, wafanyabiashara, wamisionari, baadaye wabunge wetu. Kwa hiyo viti alivyovikata mjukuu wangu ni kumbukumbu ya hao wachache. Kumbukumbu ya wengi ilikuwa nje, kwenye bati.

Na bati la Dakota halikuwa kijiko kipya. Lilikuwa mabati mengi, kila moja limepokea jua kwa namna yake, moja jeupe, jirani yake la kijivu, la tatu limebadilishwa juzi na linawaka. Ribiti hukuziona moja moja, ila uliona mistari yake kama mishono ya shati. Nyuma ya kila injini palikuwa na mchirizi mweusi wa moshi na mafuta uliopita juu na chini ya bawa, kwani injini zile za silinda 14 zilitema mafuta hata zikiwa nzima. Magurudumu yalibonyea chini kwa uzito. Mkia ulikaa chini na pua ilitazama mawinguni, hata abiria walipanda mlima ndani ya ndege kabla haijaruka. Haya yote yanaonekana kutoka mita 21. Katika modeli iliyo kabatini, mkia tu ndio uliokaa sawa, na huo ni wa Airfix.

Kwa hiyo namtetea yule mchonga kalibu aliyechekwa. Ribiti zake zilikuwa kubwa kupita kiasi, ndiyo. Lakini alikuwa anajaribu kusema jambo la kweli: kwamba ndege hii imeshonwa kwa mikono ya watu. Aliyezifuta bila kuweka chochote mahali pake amelirekebisha kosa na kuondoa ukweli uliokuwa ndani yake. Dawa ilikuwa rahisi. Angechukua rangi ya fedha, akaichanganya na tone la kijivu hapa, tone la nyeupe pale, akapaka bati kwa bati. Kisha penseli laini kwenye maungio, na masizi ya kibatari, kwa ncha ya kidole, nyuma ya mabomba ya moshi. Jioni mbili zingetosha.

Jambo lingine ni panga. Airfix walizitengeneza zizunguke. Mjukuu amezigundisha, kwa sababu, anasema, modeli si kitu cha kuchezea. Nilicheka. Watoto wa kijijini kwetu walitengeneza ndege za mabua ya mtama na waya, magurudumu ya ndala zilizokatika, na panga la kipande cha kopo la mafuta ya kupikia. Mabawa hayakuwa na kipimo chochote, na mara nyingi yalikuwa marefu kuliko mtoto mwenyewe. Lakini panga lilizunguka ukikimbia nalo kwenye upepo, la sivyo wenzako walikwambia hiyo ni baiskeli. Wale watoto nao walikuwa wameitazama ndege kutoka uzioni, wakachagua. Sidai kwamba ndege ya mabua ni bora kuliko Dakota ya plastiki. Mwenye kusema hivyo ajaribu kujifunza umbo la bawa kwenye bua. Ninachodai ni kwamba wao walijua wanaonyesha nini.

Lililobaki ni zito kidogo: herufi za usajili. Mjukuu ameandika 5H ubavuni, alama ya Tanzania. Ni mzalendo, na ndege zenye alama hiyo zilikuwapo. Ila ameniambia kwamba ameitengeneza ndege "niliyoiona babu", na ndege niliyoiona mwaka 1961 haikuwa na 5H. Kabla ya uhuru za Tanganyika zilianza na VR-T, za Uganda VP-U, za Kenya VP-K, na ile ya Mwanza ilikuwa ya VP-K. Nilipomwambia akashangaa: "Ndege ya Kenya, Mwanza?" Hapo nikaelewa ukubwa wa pengo lililo kati yetu. Yeye alizaliwa miaka mingi baada ya shirika lile kuvunjika mwaka 1977 na sisi kuanzisha letu. Kwake shirika ni la nchi moja, kama timu ya taifa. Kwamba ndege yenye herufi za Nairobi ilitua ziwani na ikawa yetu, na mjomba wangu akaionyesha kwa kidole akisema "yetu", ni jambo ambalo hajawahi kufundishwa. Herufi tatu ubavuni zingemfundisha, yeye na kila atakayeingia sebuleni kwangu na kuuliza. Viti na mikanda havitaulizwa na mtu.

Anasema atazibadilisha likizo ijayo, na panga atazifungua kama gundi itakubali. Kuhusu mabati bado tunabishana, kwani anaona modeli chafu ni dalili ya fundi mvivu. Amekubali vumbi peke yake, tena ameshaleta la kwake, jekundu, alilolichota karibu na machimbo. Vumbi hilo ni la Geita, haliwezi kuwa la uwanja wa Mwanza, ambako ardhi ni luseni, mchanga mweupe wa mawe ya matale. Nimemwekea kiasi ndani ya boksi la kiberiti, limechekechwa mara mbili kwa kitambaa cha kanga ili chembe zisizidi kipimo.