Mkarafuu wa Lusewa: kazi yote iko kiangazini

Mkarafuu unaweza kumea Lusewa. Shida haiko kwenye kumea, shida iko Oktoba.

Mazungumzo mengi ya huku bara kuhusu mti huu huanza na udongo na kuishia kwenye bei ya kilo. Udongo una nafasi yake, na bei kila mtu ana hamu nayo, lakini ukifuatilia jinsi mti huu ulivyostawishwa kila ulikopelekwa, utaona kuwa waliofaulu ni wale waliopata jibu la jambo moja: mche utavukaje viangazi vyake vya mwanzo.

Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako mvua haikatiki kwa muda mrefu. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipata miche ya karafuu na kuipanda kwenye kisiwa ambacho leo ni Morisi. Kutoka visiwa vya pande hizo za Bahari ya Hindi mti ukaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaupigia debe mpaka ukawa uchumi wa dola yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikachukua usukani, na haijauachia hadi leo. Angalia njia yote hiyo: kisiwa hadi kisiwa, hewa ya bahari haijakosekana hata mara moja. Na hata ulipovuka kuja bara, ulitulia kwenye miteremko ya Uluguru, pande za Matombo, Mkuyuni na Kinole, na kule Muheza kwenye vilima vya Amani. Hiyo yote ni milima inayotazama bahari na kukamua mawingu yake.

Lusewa haitazami bahari. Iko mkoani Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002, nchi ya miombo, mahindi, tumbaku, korosho na ufuta. Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, zikigawanyika kati ya masika na vuli. Ukanda wa Songea hupata 1,100 hivi, na zote hushuka kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya anga tupu. Tofauti ya milimita si kubwa ya kutisha. Kinachoua ni hiyo miezi saba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Mkarafuu mkubwa hauchukii ukavu; kwa kweli unahitaji kipindi kifupi cha ukavu ili uache kutoa majani na kuanza kutoa vikonyo vya maua. Kwa hiyo kiangazi cha Ruvuma si adui wa mti mzima wenye mizizi mirefu. Ni adui wa mche. Ukiuvusha mtoto, mtu mzima atajitegemea kwa kiasi kikubwa.

Anayetaka ushahidi wa karibu aende mtoni. Mkarafuu ni ndugu wa mzambarau, jenasi moja kabisa, na jamii hiyo ina mizambarau ya mwitu inayoota kando ya mito na kwenye chemchemi. Mahali mzambarau mwitu uliposimama wenyewe, bila kumwagiliwa na mtu, chini kuna unyevu hata Oktoba. Kama kiwanja chako kimepakana na bonde la namna hiyo, nusu ya kazi imeshafanyika, mradi tu usipande pale maji yanapotuama wakati wa masika. Mkarafuu haustahimili mizizi kukaa majini. Pemba na Unguja hupandwa kwenye udongo mwekundu wenye kina, ule wanaouita kinongo, na kwenye miteremko ambako maji ya ziada hujiondokea.

Sasa mbegu. Karafuu ya dukani haioti, hata uiloweke mwezi mzima, kwa sababu si mbegu: ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka. Mbegu iko ndani ya tunda la rangi ya zambarau linalopatikana pale ua linapoachwa mtini likafunguka na kuiva. Uhai wake ni mfupi. Ikishatolewa kwenye nyama ya tunda na kuachwa ikauke, ndani ya wiki moja hivi imekufa. Kwa hiyo anayeagiza mbegu Unguja, Morogoro au Muheza aagize tunda zima, lifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu, lipande basi la Songea bila kulala stendi, na likifika Lusewa lilowekwe usiku kucha, na asubuhi limenywe, lioshwe na kupandwa siku hiyohiyo. Wapo wanaopendelea kuagiza mche uliokwisha kukua. Mimi napendelea mbegu. Mche unasafiri na udongo wake, na udongo huo unasafiri na maradhi yake.

Kiriba kiwe kirefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka na ukigota chini hujikunja. Udongo wa juu wa msituni, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Mbegu ifukiwe kwa kina cha sentimita 2, kivuli kizito juu yake. Itachipua kati ya wiki mbili na wiki sita, na baada ya hapo jiandae kuchoshwa na upole wake: mwaka mzima unaweza kupita mche ukiwa haujafika magotini.

Na hapa ndipo mtu wa Lusewa ana mtaji ambao pengine hajautambua. Mkulima wa tumbaku wa Namtumbo anajua kitalu. Anakianzisha kabla ya mvua, karibu na maji, anakifunika kwa nyasi, anamwagilia asubuhi na jioni, na anapunguza kivuli taratibu ili miche izoee jua kabla ya kwenda shambani. Ustadi wote unaouhitaji mkarafuu ni huohuo. Tofauti ni muda: kitalu cha tumbaku ni cha wiki kadhaa, cha karafuu ni cha miezi 18 hadi 24.

Muda huo mrefu watu huuona mzigo. Ukipiga hesabu, ni faida. Tunda likifika Januari, mche utakaotokana nalo utakuwa na miezi 23 Desemba ya mwaka unaofuata. Maana yake umevuka viangazi viwili ukiwa kwenye kiriba, chini ya kivuli, ambako kuunywesha kunagharimu kikombe cha maji. Kiangazi kilekile ukiwa shambani kingegharimu ndoo. Wanaohamisha mche wa miezi sita kwa sababu wameona majani manne ya kijani wanabadilisha vikombe kwa ndoo.

Tarehe ya kuhamisha nayo isiigwe kutoka visiwani. Kule Machi ni sawa, kwa kuwa masika ndiyo kwanza yanaanza na vuli itafuata. Lusewa, mche uliotiwa ardhini Machi una wiki chache tu za mvua kabla mbingu hazijafunga. Desemba, mara udongo unapolowa hadi chini, ndiyo tarehe. Unapata miezi minne ya kusukuma mizizi kabla ya Mei.

Shimo lichimbwe mapema, wakati wa kiangazi, upana na kina cha sentimita 60 au zaidi kidogo, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Ukirudisha, anza na wa juu uliochanganywa na samadi mbivu. Samadi mbichi iachwe kabisa, itaunguza mizizi na kuwaita mchwa. Kiriba kikatwe kwa wembe, kisivutwe. Mizizi ya mkarafuu ikitikiswa mti hununa kwa msimu mzima.

Mahali pa kuupanda nyumbani panastahili kufikiriwa kuliko kitu kingine chochote. Lusewa iko nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba hulala kusini. Lakini kwenye wiki ya tatu ya Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na hapo kivuli cha nyumba hakimsaidii mtu. Ndiyo wiki hizohizo ambazo udongo umekauka kuliko wakati wowote wa mwaka. Pemba nayo hupata jua la utosini Oktoba, ila kule mawingu ya vuli yako njiani. Lusewa bado kuna mwezi na zaidi wa kusubiri. Kwa sababu hiyo naona upande wa mashariki wa nyumba ndio bora: mche unapata jua la asubuhi, na jua la mwisho wa alasiri linazuiwa na ukuta. Juu yake uwekwe kivuli cha kweli, yaani migomba. Ipandwe mwaka mmoja kabla, umbali wa mita mbili hivi, na mgomba mmoja au miwili ikae upande wa kusini-mashariki kukinga upepo mkavu. Migomba iendelee kuwepo kwa miaka mitatu, kisha ipunguzwe kidogo kidogo. Kutoka ukutani acha mita 6. Leo zinaonekana nyingi, lakini mti huu hufika mita 10 na kuendelea.

Maji. Tuseme unaupa mche lita 10 kila siku ya tatu, tangu Mei hadi Novemba. Siku 210, mara 70, lita 700. Hayo ni madebe 35 kwa kiangazi kizima, jambo ambalo kaya yoyote inaliweza, hasa yakitumika maji yaliyosuuza mboga na vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Sasa zidisha kwa miche 100: lita 70,000. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niseme mkarafuu Lusewa ni mti wa uani, mmoja au mitatu, na si shamba. Anayekuuzia ndoto ya ekari za karafuu katika nchi ya mvua moja akuonyeshe kwanza kisima chake.

Njia nzuri ya kupunguza hata hizo ndoo ni chungu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kifukiwe hatua moja kutoka kwenye shina, mdomo ukibaki nje na kufunikwa. Ukikijaza, maji hujipenyeza ukutani polepole na kuifuata mizizi. Jua halipati chochote. Mdomo usiachwe wazi, mbu watahamia.

Matandazo ni lazima, na hapo ndipo mchwa wanapoingia. Nyasi kavu zinatunza unyevu na zinalisha mchwa kwa wakati mmoja. Ukiziacha udongo unakuwa tanuri, ukizitandaza umewaandalia karamu. Njia ya katikati ni kutandaza nene lakini kuacha uwazi wa kiganja kizima kuzunguka shina, kung'oa visiki vyote vya karibu, na kukagua kila wiki kama kuna njia ya udongo inayopanda shinani. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa kwenye ule uwazi hufukuza kwa muda, ila mvua ya kwanza inayaondoa. Dawa kubwa ni maji yenyewe, kwa sababu mchwa huanza na mche uliodhoofika.

Moto wa porini sihitaji kuueleza kwa mtu wa Ruvuma. Gome la mkarafuu ni jembamba na majani yake yana mafuta. Fagia uwanja.

Ugonjwa uliotikisa Unguja katika karne iliyopita, kifo cha ghafla, ambapo mti mkubwa hukauka na majani yake yakiwa bado mtini, huipata zaidi mikarafuu ya makamo. Huku ukiona ncha za matawi zinakauka kuanzia juu kushuka chini, shuku kiu kabla ya kushuku kuvu.

Kisha ni kungoja. Maua ya kwanza huja mwaka wa sita hadi wa nane, mti hufikia nguvu zake baada ya miaka 15 na kuendelea, na hauzai sawasawa: mwaka mmoja unajaza, miaka miwili au mitatu unakupa kidogo. Vikonyo vitachukua miezi mitano au sita tangu kuonekana hadi kuchumwa. Dalili ni rangi. Kijani hupauka, kisha kitako cha ua hushika wekundu huku kichwa kikiwa bado kimefumba. Kikifunguka, karafuu imepotea. Matawi ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo tumia ngazi na ndoano ya kuvuta, na watoto wasipandishwe.

Zikichumwa zichambuliwe siku hiyohiyo, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, huku. Zikilala kwenye gunia usiku mmoja huvunda, na zikikauka hutoka zimepauka na nyepesi. Zianikwe kwenye jamvi, juani, zikigeuzwa mara kwa mara, zikiingizwa ndani kabla ya umande. Kwa jua la Ruvuma siku nne au tano zinatosha. Kilo 3 mbichi zinakupa kilo 1 kavu. Karafuu iliyokauka barabara huvunjika kwa mlio, na ukiibonyeza kwa ukucha inatoa mafuta. Kwenye bani la kukaushia tumbaku zisiingie, hata kama liko tupu. Moshi uliokaa kwenye kuta zake utahamia kwenye pilau.

Makonyo nayo yasitupwe. Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Nyumbani yaanike, yatwange, yatie kwenye chai ya tangawizi, na karafuu zenyewe uzitunze kwa siku ya wageni.